Nilisoma Vipimo vya Wateja wa Mama Mdogo Mbele ya Ukumbi Mzima

"Hiyo arobaini na mbili ni MIMI!"

Ukumbi wote uligeuka.

Msusi wa mtaani kwetu alikuwa amesimama katikati ya safu ya tatu, mkoba umemwanguka miguuni, kidole kimenyooshwa. Hakuninyooshea mimi niliyeshika kipaza sauti... Alimnyooshea mama yangu mdogo!

"Fundi! Umetuuza!"

Mama mdogo hakumgeukia. Aliniangalia tu.

Jamani, karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Aliyesoma ni mimi. Sentensi moja tu ingetosha: daftari nililichukua mimi, yeye hajui kitu.

Nikafunga mdomo.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mwongeaji. Chuoni nilikaa karibu na mlango miaka mitatu ili mhadhiri akiuliza swali nionekane kama mtu anayetoka. Leo nitaongea. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanitukana, ingawa kuna matusi nitakayoyapokea kwa mikono miwili.

Mama mdogo amenilea tangu nina miaka saba. Ni fundi cherehani. Kazi anafanyia chumba cha mbele cha nyumba yetu: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na pazia ambalo nyuma yake nusu ya wanawake wa mtaa wamewahi kuvua nguo.

Vipimo anaandika kwenye daftari. Majina haandiki. Juu ya kila ukurasa anabana kwa pini kipande cha kitambaa cha kwanza alichomshonea mteja huyo. Akiona kitambaa, anamjua mtu. Chini ya vipimo huandika maneno machache ya kujikumbusha.

Sasa mimi, baada ya kumaliza chuo, nilikaa nyumbani nikituma barua za kazi. Siku moja nikaona tangazo kwenye mlango wa maktaba: warsha ya mashairi ya majaribio, wazi kwa wote, Jumamosi sita, asubuhi.

Nikaenda. Sijui nilipata wapi ujasiri.

Tulikuwa kumi na moja. Aliyetufundisha tulimwita Dada Gundi, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na gundi hata akitusalimia.

"Hapa hatutungi," alisema siku ya kwanza. "Hapa tunakata."

Mlinzi mmoja mstaafu, mzee wa suti, akainua mkono.

"Na vina je? Na mizani?"

"Hapa vimepumzika, mzee wangu."

"Basi ngoja na mimi nikapumzike navyo nyumbani."

Tulicheka, naye hakuondoka.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila mtu alete kutoka kwake karatasi iliyokwisha kazi. Risiti, maelekezo ya dawa, ratiba ya zamani, chochote ambacho hakikuandikwa ili kiwe shairi. Unakata mistari, unaichanganya mezani, unabandika upya, unasoma. Na sheria ilikuwa moja: hakuna kumuuliza mwenzako mstari umetoka wapi.

Yule mzee alileta maelekezo ya jokofu. "Usifungue mlango mara kwa mara. Acha nafasi nyuma yake. Likizima, subiri." Alipomaliza kusoma tulijua kwamba mkewe amefariki, na hakuwa amemtaja hata mara moja.

Nilitamani kuweza hivyo!

Mimi nilipeleka barua zangu za kukataliwa kazi. Shairi likatoka: "Tunasikitika. Tunasikitika. Tunasikitika." Watu wakatikisa vichwa kwa adabu, kama unavyomtikisia kichwa mtoto aliyekuonyesha mchoro wa ng'ombe mwenye miguu sita.

Jumamosi ya nne sikuwa na karatasi.

Mama mdogo alikuwa ametoka kwenda kununua uzi. Chini ya meza ya kukatia kuna mfuko wa mabaki ya vitambaa. Ndani yake kulikuwa na daftari la vipimo la zamani, limejaa, jalada limechanika, limefungwa kwa mpira wa nguo.

Nikajiambia hili limekwisha kazi.

Nikajiambia halina majina.

Nikachukua mkasi wake wa vitambaa nikaanza kukata.

Hivi niseme niliiba au nilichukua? Nimejaribu maneno yote mawili usiku na mchana. Yanatoshana.

Maktabani nilibandika kwa saa nzima bila kuinua kichwa. Dada Gundi alipita nyuma yangu, akasimama, akasoma. Akasoma tena.

"Hii ina watu ndani," alisema polepole.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu kitu nilichofanya.

Kisha akavunja sheria yake mwenyewe.

"Mdogo wangu, karatasi hii ina mwenyewe?"

"Hapana, dada. Imekwisha kazi."

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

"Basi siku ya mwisho, wewe ndiye utakayefunga usomaji."

Siku ya mwisho kila mmoja alialika watu wake. Nilimwambia mama mdogo huku nikiangalia sakafu.

"Kuna kusoma mashairi Jumamosi. Na mimi nitasoma. Kama una nafasi lakini..."

Alisimamisha cherehani.

"Wewe? Utasoma mbele za watu?"

"Ndiyo, mama."

"Nafunga duka."

"Si lazima ufunge..."

"Tangu uingie nyumba hii umeniomba vitu vingapi? Nafunga!"

Akafunga. Zaidi ya hapo, wiki nzima kila mteja aliyepita nyuma ya pazia aliambiwa: "Jumamosi mtoto wangu anasoma maktaba, njoo na wewe." Kwa hiyo ukumbi ulijaa watu waliopimwa na mikono yake, na yeye ndiye aliyewaleta.

Alikaa safu ya pili. Alivaa gauni lake la maua madogo, lenye kola ya juu.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma:

*Anasema thelathini na nane. Ni arobaini na mbili.*
*Shona arobaini na mbili, mwambie thelathini na nane.*

Watu wakacheka! Kicheko kikubwa, cha tumboni. Hata msusi alicheka. Jamani, mimi ambaye nikiagiza soda mhudumu huniambia "sema tena", ukumbi mzima ulikuwa unanicheka vizuri. Nikapandisha sauti.

*Kiuno kimepungua inchi nne toka mwezi wa pili. Usiulize.*

*Mguu wa kulia mfupi kwa inchi moja.*
*Suruali nayo isilingane, ili atembee sawa.*

Mpiga picha wa mtaani alikuwa amepiga goti mbele yangu akinipiga picha. Kamera ikashuka taratibu. Alinyanyuka, akatoka nje, na watu wote wakatazama miguu yake anavyotembea.

Niliona, na bado sikusimama. Nilidhani ameishiwa chaji. Mtu akitaka sana kupendwa, anakuwa kipofu kidogo.

*Upande wa kushoto weka pamba.*
*Shonea kwa ndani, isihame.*
*Kola iwe juu. Hakuna atakayejua.*

Kimya.

Huu ndio mstari niliokuwa najivunia. Niliusoma polepole, niliacha nafasi kabla ya "hakuna atakayejua". Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo chenye ufa!

Na katika kimya hicho msusi akamaliza hesabu zake. Mama mdogo akipima hutaja namba kwa sauti, na kila mwanamke anaijua namba yake kama namba yake ya simu. Mimi nilidhani namba haina mwenyewe.

"Hiyo arobaini na mbili ni MIMI!"

"Na ile ya kiuno? Si ni mimi ile?" mwingine akasema nyuma.

"Fundi! Umetuuza! Tunakuvulia nguo, wewe unaandika, mtoto anakuja kutusoma?"

Wote wakamgeukia yeye. Mimi nilikuwa jukwaani, mita nne tu, na kipaza sauti kikiwa wazi. Mnajua nilifanya nini? Nilikunja karatasi mara mbili, kisha mara nne.

Mama mdogo akasimama.

"Nisameheni," alisema. "Daftari ni langu."

Akachukua mkoba wake akatoka. Hakutaja jina langu.

Nyumbani nilimkuta anakata kitambaa cha pazia. Nilisimama mlangoni nikisubiri anipige, anifukuze, afanye chochote.

Alinyanyua mkasi akautazama.

"Mkasi huu umekuwa butu," alisema. "Umekatia karatasi."

Hakusema kingine. Siku hiyo, na siku nyingine nane zilizofuata.

Jumatatu wateja walianza kuja.

"Naomba kitambaa changu."

"Sijakikata bado."

"Ndiyo. Nakitaka hivyo hivyo."

Mmoja baada ya mwingine. Mama mdogo alikunja kila kitambaa vizuri, akakiweka kwenye mfuko, akasema karibu tena. Mpaka Ijumaa rafu ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa chumbani nyuma ya mlango, nikisikia kila neno na kujiambia nitatoka na mwingine akija. Akija mwingine, nabaki.

Halafu maneno yakaanza.

Ile pamba ni ya nani? Mtaa haukulala mpaka upate jibu, na jibu walilolipata lilikuwa mwalimu wa chekechea. Ni mteja wa siku nyingi. Hajaolewa, mpole, kila siku anavaa mtandio mkubwa kifuani. Basi ikawa ndiye. Asubuhi, akina mama wakileta watoto getini, walimsalimia huku wakimtazama kifua!

Hilo lilinimaliza. Siku ya tisa, Jumatatu, nilimfuata shuleni wakati watoto wamelala. Alikuwa anachonga penseli za rangi, moja moja, anazipanga kwenye kopo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Viti vyote vilikuwa vya watoto. Nikakaa, magoti yakanifika kidevuni.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Daftari nililichukua mimi. Mama mdogo hakujua. Siri yako nimeianika, na sijui nitairudishaje..."

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie. Alichonga penseli ya kijani, akaipuliza.

"Siri yangu ipi?"

"Ile... ya pamba."

"Mimi sina pamba, mwanangu."

Nikamwangalia.

"Mbona basi hukukataa? Watu wanakusema getini kila siku!"

"Nikikataa, wataendelea kutafuta. Wakitafuta watampata mwenyewe. Mimi mtandio wangu ni wa kuficha chaki tu, acha waangalie."

"Unamjua mwenyewe?"

Aliweka kisu chini.

"Mwaka juzi mama yako mdogo alikuaga kwamba anakwenda wiki mbili kujifunza mashine mpya. Sivyo?"

"Ndiyo. Ya kudarizi."

"Uliwahi kuiona hiyo mashine?"

Jamani...

Jamani, sikuwahi kuiona! Na wala sikuwahi kuiulizia! Nilikumbuka alivyorudi amekonda, mkono wa kushoto haunyanyuki, akasema mashine za huko ni nzito. Nilikumbuka nilivyompigia simu akiwa huko nikamwambia aniletee zawadi. Na alileta. Sweta la bluu. Sasa hivi ndiyo najua kwamba alilinunua kwa mchuuzi aliyekaa mbele ya hospitali.

"Walimtoa ziwa la kushoto," mwalimu alisema. "Nilimsindikiza mimi. Alikataa uambiwe. Ulikuwa na mitihani."

Tulilala nyumba moja, ukuta mmoja katikati, miaka miwili. Gauni lake la maua limepita mikononi mwangu kwenye kamba ya nguo mara ngapi? Nilisoma maumivu yake kwa sauti nzuri, mbele ya watu mia, na bado sikumwona. Niliona mstari tu.

Sijui nilifikaje nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, hashoni kitu, anaipaka mafuta tu.

"Mama."

"Umetoka kwa mwalimu. Macho yako yamevimba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha mtihani uje ukae pembeni ya kitanda unilie. Nakujua."

"Nisamehe, mama."

Alifuta mafuta vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ulisoma vizuri," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mimi sijawahi kusikia sauti yako ikitoka vile. Nilikaa pale nina aibu na nina fahari, vyote viwili, sijui nishike kipi. Kilichoniuma wala si daftari. Nilikuangalia nikasubiri useme. Nikasubiri... Sauti unayo, mwanangu, nimeisikia. Kwa mistari yangu ilitoka. Kwa ajili yangu ikakwama."



Kesho yake ilikuwa Jumanne, siku ya kumi. Nilikwenda saluni kwa msusi. Walikuwa wanawake sita ndani, mmoja kichwa kiko kwenye beseni. Nilisimama mlangoni.

"Naomba kusema kitu."

"Sema kwa nguvu, hatusikii!"

"Daftari nililichukua MIMI! Mama mdogo hakuniruhusu, hakujua, hajawahi kumsema mtu. Nililitoa kwenye mfuko nikalikata. Niliwaacha mumtukane nikanyamaza. Mnayemdai ni mimi."

Mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. Msusi alikuja karibu na kitana mkononi.

"Kwa hiyo kweli ni arobaini na mbili?"

"Ndiyo... ndiyo, dada."

"Amenidanganya tangu lini?"

"Nadhani tangu mwanzo."

Wenzake walibana vicheko, mabega yanatikisika. Yeye hakucheka.

"Na ile ya pamba?" aliuliza yule wa kwenye beseni, maji yanamchuruzika shingoni. "Si ya mwalimu ile?"

Nikisema si ya mwalimu, watatafuta. Nikinyamaza, mwalimu ataendelea kutazamwa. Yaani mwenyewe nilikuwa nimejifungia njia zote mbili.

"Hilo silijibu," nilisema. "Si langu kulisema. Na nyinyi msiulize."

"Toka saluni kwangu," alisema msusi.

Nilitoka.

Jioni nilimweleza mama mdogo kila kitu, pamoja na mwalimu na geti. Hilo la geti hakuwa analijua. Aliweka sindano chini.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo.

Yaliyotokea nilisimuliwa na yule mzee wa jokofu, ambaye humpeleka mjukuu wake pale chekechea.

"Fundi alikuja akasimama getini, watoto wanaingia. Hakupaza sauti. Alisema, 'Mwacheni mwalimu. Ile pamba ni yangu.' Kisha akauliza kama kuna mwenye swali."

"Wakauliza?"

"Nani aulize? Yule mama ana mkasi mfukoni muda wote!"

Wateja walianza kurudi wiki iliyofuata, mmoja mmoja, kama watu waliosahau mwavuli. Msusi alikuja wa nne. Aliingia nyuma ya pazia bila kunisalimia.

"Pima," nilimsikia anasema. "Na useme kweli."

"Arobaini na mbili."

"...Haya, sema ile ya zamani."

Mtauliza, na swali lenu ni la haki: sasa wewe dada, kuandika yote haya hapa mtandaoni si kurudia kosa lile lile?

Safari hii niliuliza kwanza. Nilimsomea mama mdogo post hii yote juzi mchana, yeye akipiga pasi. Mara tatu alinisimamisha.

"Hapo futa."

"Kwa nini, mama?"

"Hapo ni pangu."

Nikafuta. Hamtapaona.

"Msusi umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Amesema niandike, ila niseme amepungua."

"Mwalimu?"

"Amekubali, na yule wa kiuno pia. Mwalimu amesema nisimfanye malaika."

"Na yule aliyetoka nje siku ile?"

Nikamweleza ukweli. Yule akiniona huvuka barabara. Nimemwandikia barua mbili, hajajibu, na hana deni la kunijibu.

"Hajajibu? Basi mtoe."

Kwa hiyo nimemtoa. Yule mpiga picha mliyemsoma hapo juu hayupo. Kuna mtu kweli aliyenyanyuka akatoka nje nikiwa nasoma, lakini hapigi picha, na alichokuwa anasitiriwa na fundi hakihusiani na mguu. Mstari wake halisi nimeuchoma. Msimtafute.

Somo langu ni dogo. Ukikuta maneno mazuri ya mtu, kabla hujayabeba mtafute mwenyewe umuulize, hata kama karatasi imetupwa, hata kama jina halipo. Na ukifanya kosa mbele za watu, likiri hapo hapo, wakati bado linauma. Mimi nilisubiri siku kumi, na siku zote hizo mama mdogo aliitwa msaliti kwa kosa langu, akikunja vitambaa vya watu na kuwaambia karibu tena.

Ameshanisamehe. Mimi aibu yangu bado ninayo, na sijaomba iondoke.